Nguo ya Malkia, Kurudishwa Jumatatu

Na Mwandishi Wetu, Mbarara na Nakivale

Mwaka 1897 makabaila wa London walijivika mavazi ya wafalme kwa usiku mmoja. Leo mjini Mbarara, na ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, vazi la kifalme linakodishwa kwa wikendi. Mwandishi wetu amefuatilia ugomvi wa kimyakimya juu ya nani mwenye haki ya kulivaa, na nani anayelilipia.

Ijumaa alasiri, High Street mjini Mbarara. Sanamu za kuvalishia nguo zilizopangwa mlangoni hazina vichwa, ila zina mabega. Mabega yenyewe yamechongoka, yamesimama kama masikio ya ng'ombe aliyesikia mlio wa chui. Rangi ni za kila namna: chungwa, samli, bluu ya wino, waridi linalong'aa hata kivulini.

Ndani ya duka mama mmoja wa makamo amesimama, mikono ameitenga kidogo na mwili, kama anayepekuliwa getini. Msichana wa duka anamzungushia kwanza kikoi na kukikaza. Gomesi inafuata juu yake, nguo inayoweza kumeza kitambaa cha meta sita. Inakunjwa mbele, inavutwa, inakunjwa tena. Mwisho unafungwa mshipi mpana, chini ya kiuno, pale nyonga zinapoanzia, na ncha zake zinaachwa zining'inie mbele.

Kikoi kile cha ndani hakionekani, lakini kazi yote ni yake. Bila kikoi hariri hugandamana na mwili na gomesi nzima husinyaa kama jani lililochomwa. Wajuzi wakimtazama mwanamke aliyevaa gomesi hutafuta hicho kwanza, kisha ndipo waangalie bei ya kitambaa.

Mama huyu ni shangazi wa bibi harusi. Kesho kuna kuhingira, sherehe ya Wanyankole ya kumkabidhi binti kwa watu wa mume. Kwenye kuhingira shangazi hakai nyuma. Ndiye aliyemfunda binti, na macho ya ukoo wa pili yatatua kwake kabla ya kutua kwa bibi harusi mwenyewe.

Gomesi anayoijaribu si yake. Jumatatu itarudi dukani. Na wengi watakaoketi naye kesho chini ya hema, wanawake kwa wanaume, watakuwa wamevaa nguo za duka hilohilo au la jirani.

Dansi ya Julai 1897

Wiki ile nilikuwa natembea na picha moja ya zamani kichwani. Ni ya Louise, mke wa Duke wa Devonshire, mmoja wa makabaila wakubwa wa Uingereza enzi ya Malkia Victoria. Mzaliwa wa Hanover huyo, alikuwa na miaka 65 picha ilipopigwa. Mume wake wa kwanza alikuwa Duke wa Manchester, aliyemzalia watoto watano. Alipofiwa akaolewa na Duke mwingine, na watu wa London wakambandika jina la utani lililomhesabia ukabaila huo mara mbili.

Tarehe 2 Julai 1897 yeye na mumewe waliwaalika watu wapatao 700 nyumbani kwao, Devonshire House, mtaa wa Piccadilly. Ilikuwa mwaka wa sherehe za miaka 60 ya Victoria kwenye kiti. Sharti la mwaliko lilikuwa moja: kila mgeni aje amevaa kama mtu wa historia au wa hekaya.

Mwenye nyumba mwanamume alijitokeza kama Mfalme Charles wa Tano. Mkewe alikuja kama Zenobia, malkia wa Palmyra, mji wa kale wa Syria. Nguo yake ilitengenezwa Paris na nyumba ya mitindo ya Worth: sketi ya kitambaa cha dhahabu iliyotariziwa kwa mawe ya rangi, pembe zake zikifanya mikia ya tausi iliyokunjuliwa, na nyuma mkia wa mahameli ya kijani ukiburuta sakafuni. Nguo hiyo ingali imehifadhiwa Chatsworth, jumba la ukoo huo.

Wengine nao hawakulala. Bi. Paget alikuja kama Cleopatra wa Misri. Duke wa Marlborough, kijana wa miaka 25, aliagiza kwa Worth vazi la balozi wa Kifaransa wa karne ya 18, na bili yake ikafika faranga 5,000. Husimuliwa kwamba Worth, aliyezoea bili nene, naye alishtuka.

Nje bustanini lilisimamishwa hema la mpiga picha wa kampuni ya Lafayette. Wageni waliingia mmoja mmoja na mavazi yao. Miaka miwili baadaye picha 286 zilichapwa katika kitabu kimoja kwa ajili ya mwenyeji. Kwa hiyo tunajua vizuri mno nani alivaa nini usiku ule. Ni mafundi waliokesha wakishona ambao majina yao hayamo, ukiondoa jina la mwenye duka.

> Kitabu kina picha 286 za waliovaa. Walioshona hawamo.

Sasa hesabu siku nne. Tarehe 6 Julai 1897, wakati Zenobia na Cleopatra wa London bado wanarudisha vito vya kuazima, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alitoroka ikulu yake ya Mengo usiku, akavuka ziwa kwa mtumbwi hadi jimbo la Buddu kuanzisha vita dhidi ya Waingereza. Tarehe 20 alishindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani. Tarehe 9 Agosti alivuliwa kiti, na mtoto wake Daudi Chwa, aliyekuwa ametimiza mwaka mmoja jana yake, akatangazwa Kabaka.

Sisemi dansi ile ndiyo iliyomwangusha Mwanga. Ila nikizitazama tarehe hizo pamoja nashindwa kuinyamazia picha ya Louise. Wiki moja mabibi wa dola wanacheza kuwa malkia wa nchi za watu, na wiki hiyohiyo mfalme wa kweli yuko ndani ya mtumbwi gizani.

Mabega yaliyokataa kurudi

Mtindo wa mikono iliyojaa begani ulitawala Ulaya katikati ya miaka ya 1890, kisha ukanywea. Huku kwetu haukunywea. Ulipanda meli na mabinti wa kimisionari, na ukapata mahali pa kukaa.

Kabla ya hapo wanawake wa Buganda walijifunga lubugo, nguo ya gome la mutuba, kutoka kifuani kwenda chini, mabega wazi. Mwaka 1905 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya bweni ya wasichana Gayaza, kaskazini ya Kampala. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yanasema mwalimu mmoja wa pale, Alfreda Allen, alitaka wanafunzi wapate vazi la heshima la shuleni, akapeleka ombi kwa mafundi wa Kigoa waliokuwa na duka Kampala, wa ukoo wa Gomes.

Mafundi hao waliichukua namna ya kale ya kujifunga, wakaipandishia juu shingo ya mraba, mikono mifupi iliyochongoka begani, na vifungo viwili upande wa kushoto. Nguo ikapata majina matatu. Gomesi ni jina la fundi. Busuti ni jina la Waganda. La tatu, bodingi, ni la shule yenyewe ya bweni, na ndilo nilipendalo, maana linakutajia kwamba vazi hili la mabibi lilianza kama sare ya wanafunzi.

Likapanda ngazi upesi. Inasimuliwa kwamba Irene Drusilla Namaganda, mke wa Daudi Chwa, alilivaa mumewe alipotawazwa Novemba 1914. Malkia akishavaa, hakuna tena wa kuuliza kama ni la wanafunzi.

Wanaume wao vazi lao lilitoka kwetu Pwani. Kanzu iliingia Buganda na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika ikulu enzi za Kabaka Suuna na Mutesa wa Kwanza. Waganda wakaitia tarizi ya rangi ya damu ya mzee kifuani, wakaivalia koti juu, na leo ukimwambia mzee wa Mbarara kwamba kanzu ni vazi la Unguja atakuangalia kama umemtukana babu yake.

Mushanana ni wa nani?

Mbarara hata hivyo si Kampala. Ni mji mkuu wa uliokuwa ufalme wa Ankole, na huku gomesi ina mpinzani.

Mpinzani ni mushanana: sketi iliyofungwa kiunoni kwa mikunjo na shuka jepesi linalopita chini ya kwapa moja na kutupwa juu ya bega la pili. Gomesi husimama yenyewe, mushanana hutiririka. Mwanamke mrefu akitembea nao uwanjani, watu wanaozungumza hupunguza sauti.

Wenyeji wa Ankole wanauita wao. Wanyarwanda wanauita wao, na hakuna vazi lingine linaloshindana nao kwenye harusi za Kigali. Wanyamulenge wa Kivu Kusini, Kongo, nao hawaachi harusi ipite bila mishanana. Ukitaka kuharibu chakula cha mchana kizuri mjini hapa, uliza mezani ulianzia wapi.

Kwa upande wa vitambaa vyenyewe ubishi huo hauna kina. Hariri na nailoni hizi zimekuja juzi. Wanawake wa Kihima wa zamani walivaa ngozi za ng'ombe zilizolainishwa, pana, zilizofunika hata kichwa. John Roscoe, mmisionari aliyeandika kitabu juu ya Wanyankole kilichotoka mwaka 1923, aliwakuta katika hali hiyo. Namna ya kujitanda ndiyo ya zamani, na jamii za wafugaji pande zote za mpaka zilikuwa nayo kabla ya kuwako mpaka.

Ubishi una kina kwa sababu ya kilicho chini ya kitambaa. Ankole ilikuwa nchi ya Wahima wafugaji na Wairu wakulima, na vazi, kama maziwa na ngoma, lilikuwa likimtaja mtu yuko upande gani. Ufalme ulifutwa mwaka 1967 na serikali ya Milton Obote pamoja na falme nyingine za Uganda. Mwaka 1993 falme ziliporuhusiwa kurudi, Buganda ilimtawaza Kabaka wake hadharani. Ankole ilijaribu: tarehe 20 Novemba mwaka huo John Barigye alitawazwa kuwa Ntare wa Sita. Serikali ikakibatilisha kitendo hicho. Wapinzani wa ufalme walisema ngoma ya kifalme, Bagyendanwa, ilikuwa ya kundi moja na isingewaunganisha wote. Barigye alifariki mwaka 2011 bila kiti chake kutambuliwa.

Kwa hiyo Ankole ni nchi yenye mavazi ya ikulu na isiyo na ikulu. Pale Biharwe, barabara ya kwenda Masaka, kituo cha utamaduni cha Igongo kimeweka makumbusho ambamo unaweza kuvitazama vyombo na mavazi hayo nyuma ya kioo. Mjini unaweza kuyavaa. Wairu na Wahima, Waganda waliohamia, wanakodi pale pale, na mwenye duka haulizi ukoo. Anauliza kiuno.

> Mwenye duka haulizi ukoo. Anauliza kiuno.

Kuna wakati ambapo kuulizwa ukoo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Oktoba 1982 viongozi na vijana wa chama tawala waliwafukuza Wanyarwanda kutoka vijiji vya Ankole. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, makumi ya maelfu wakasukumwa kuelekea mpaka wa Rwanda au ndani ya makazi ya wakimbizi. Wahima raia wa Uganda nao walikumbwa, kwa kuwa walifanana na wanaofukuzwa. Wazee wanaoyakumbuka hayo hawacheki mtu akisema kwa mzaha kwamba mushanana humgeuza yeyote kuwa Mnyarwanda.

Barabara ya Isingiro

Kutoka Mbarara unashika njia ya Isingiro, kusini mashariki. Migomba inafuatana nawe kwa muda mrefu, kisha vilima vinabadili rangi, nyasi zinakuwa kavu, na ziwa Nakivale linajitokeza chini kama sahani iliyosahaulika juani. Makazi yanaanza hapo.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi walipokuwa wakiikimbia Rwanda. Hayana uzio. Ni vijiji vilivyotapakaa katika kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea.

Miongoni mwa waliofika Ankole miaka ile ya mwanzo walikuwamo watu wa ikulu. Mfano unaojulikana zaidi ni familia ya Paul Kagame, Rais wa Rwanda, ambayo iliishi Nshungerezi, kambi nyingine ya Ankole, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mama yake, Asteria Rutagambwa, alitoka katika ukoo wa Malkia Rosalie Gicanda wa Rwanda. Huo ndio ukabaila ulioingia kambini: jina kubwa, foleni ileile ya unga.

Leo walio wengi Nakivale ni Wakongomani, wakifuatwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili kinasikika kila kona, na si kimoja. Kuna cha Bukavu, cha Uvira, cha Bujumbura, na cha Msomali aliyekaa Nairobi kabla ya kufika hapa.

Siku ya Jumamosi mavazi nayo yanasema lugha hizo zote. Mkongomani ana liputa na libaya, kitenge kilichoshonwa kikashika mwili kama ganda la ndizi. Msomali wa Base Camp ana dirac, nguo nyepesi pana ambayo ni ndugu wa damu wa dera la Pwani. Mhabeshi ana shuka lake jeupe lenye msalaba wa rangi pindoni. Na vijana wa Kikongomani wana suti, ukumbusho wa wale masapere ambao mwanamuziki Papa Wemba aliwafanya wajulikane duniani, watu walioweza kulala njaa ili viatu vyao vitoke Italia. Nimeona suti ya rangi ya krimu ikiruka dimbwi la matope Nakivale bila kuguswa hata na tone moja. Ni kipaji.

Nyuma ya yote hayo ipo cherehani. Ya mguu, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika ubavuni kwa sababu ya mapaja ya miaka mingi. Ipo chini ya turubai, pembeni kuna pasi ya mkaa na kopo la vifungo. Mafundi wengi hapa walikuja na ufundi wao kichwani, maana cherehani haibebeki unapokimbia.

Niliketi kwa mmoja wao zaidi ya saa nzima, mwanamke kutoka Kivu Kusini. Alikuwa akikunja ukingo wa mushanana wa kijani. Ukingo huo haushonwi kwa mashine, kwa kuwa mashine huukaza na nguo ikakataa kutiririka. Anausokota kwa kidole gumba na cha shahada, uzi kama nywele, mshono mmoja baada ya mwingine, meta baada ya meta, pande zote nne. Akifika kwenye kona anaulamba uzi, anaupitisha mara mbili, anaendelea. Hakuinua macho hata mtoto wake alipokuja kumwomba pesa ya mandazi. Alimpa kwa mkono wa kushoto.

Mushanana ule haukuwa wa mteja wa Nakivale. Ulikuwa unakwenda Mbarara kukodishwa.

Nani analipa?

Hapo ndipo pande zinapoachana.

Wapo wazee wa Ankole wanaoona kwamba kuhingira imegeuzwa dansi ya mavazi. Zamani, wanasema, uwanja ulitazama vyombo: vyanzi, vile vyombo vyeusi vya mbao vya maziwa vyenye vifuniko vya ukili vilivyochongoka, na ng'ombe ambao wazazi wa binti walimtoa nao. Siku hizi vyanzi vinaletwa vipigwe picha na bibi harusi anaingia ndani kubadili nguo, mara tatu hata nne, huku wageni wakisubiri chakula. Malalamiko hayo si ya bure. Nimeketi kwenye sherehe ambazo msema chochote alizungumza kuhusu rangi za mishanana kwa muda mrefu kuliko alivyomtaja baba wa binti.

Wapo vijana wanaojibu kwamba duka la kukodisha ndilo lililowaokoa. Sherehe bado inadai mavazi yanayolingana kwa shangazi, dada, marafiki na wapambe. Kuyashona yote ni kuuza shamba. Kuyakodi ni kuumia kidogo, kisha maisha yakaendelea. Wanakumbusha pia kwamba wazee hao hao wanaolaumu ndio wa kwanza kunong'ona shangazi akitokea na gomesi ya mwaka juzi.

Kwa mkimbizi hesabu ina shimo la ziada. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni, na tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limewapanga wakimbizi Uganda katika makundi kulingana na uhitaji. Kundi lililohesabiwa linajiweza likatolewa kwenye orodha. Harusi hazikusubiri orodha hizo. Mzazi anaozesha na michango, na mchango wa nguo ndio wa mwisho kukusanywa na wa kwanza kuonekana na watu.

Kisha kuna amana. Duka likidai kitambulisho kibaki hadi nguo irudi, raia anakiacha bila kuwaza sana. Mkimbizi anawaza, kwa sababu karatasi ya familia ndiyo inayoonyeshwa siku ya mgao. Gomesi ikichelewa kwa sababu ya mvua ya barabara ya Isingiro, na siku ya mgao ikafika, nguo ya sherehe imekula unga wa watoto. Nilimsikia baba mmoja akipiga hesabu hiyo kwa sauti ya chini mlangoni, kisha akachagua kumwazimia mkewe kitenge cha jirani.

Upande wa tatu hauitwi kwenye mjadala. Ni wa mafundi. Kwao mushanana ukiwa wa Ankole, wa Rwanda au wa Mulenge, ukingo wake ni uleule na macho yanayochoka ni yaleyale. Kazi ikikodishwa mara ishirini mjini, fundi amelipwa mara moja. Watu wakipigania nani mwenye vazi, mimi kura yangu naipeleka kwa yule anayelisokota, ingawa najua hana hema la kusimama ndani yake wala mtu wa kumpiga picha.

Na wale wanaosema mkimbizi hana haki ya kuvaa vazi la kikabaila wakati anapokea msaada, niwaombe wapitie tena kile kitabu cha picha 286. Zenobia wa London hakuwa Msyria. Hakuna aliyemdai kitambulisho.

Jumatatu

Nilirudi High Street Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi. Nguo zilikuwa zinarejea ndani ya mifuko ya plastiki, ndani ya beseni, nyingine mgongoni mwa boda boda zimekunjwa kama mtoto mchanga. Msichana wa duka alizipokea moja moja na kuzipitisha mwangani.

Gomesi ya shangazi ilikuja imekunjwa vizuri, na kikoi chake ndani. Pindoni kulikuwa na vumbi jekundu na tone la supu lisilozidi ukucha. Kifungo kimoja kati ya viwili kilikuwa kimekatika. Shangazi alikuwa amekifunga kwenye ncha ya mshipi kwa fundo, kisipotee.

Msichana alifungua fundo, akakitia kifungo mdomoni, akavuta uzi.